Mteja wangu anasema yule binti wa ule wimbo alishakufa. Ni mimi

Shikamoo Shangazi,

Naomba usilitaje jina langu, wala lile nililoimbia, maana hilo la pili watu wa rika langu hapa Dar es Salaam bado wanalikumbuka. Nina miaka 34. Ni fundi cherehani Mbagala, nina fremu moja, vyerehani vitatu na wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Mume wangu ni fundi umeme. Tuna watoto wawili, wa kwanza ni binti wa miaka 13.

Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha pili. Nilitunga wimbo nikiwa darasani, nikauandika kurasa za nyuma za daftari la Jiografia. Rafiki yangu alikuwa anafahamiana na produza mmoja, akanipeleka, nikarekodi nikiwa na sare ya shule. Wiki chache baadaye niko kwenye daladala asubuhi nikausikia redioni. Konda akaongeza sauti na kuanza kuitikia. Nilitamani kusema "jamani ni mimi," lakini ulimi ukawa mzito. Nilishuka kituo kimoja kabla ya shule nikakimbia njia nzima nikilia kwa furaha.

Baada ya hapo sikupata nafasi ya kufikiri. Alitokea kaka mmoja aliyekuwa anasimamia wasanii, akaja nyumbani Temeke. Baba alishafariki, kwa hiyo alizungumza na mjomba. Mkataba ulisainiwa juu ya boneti ya gari. Mjomba alisaini, mimi nikaambiwa niandike jina langu chini yake. Sikuusoma, na mpaka leo sina nakala. Jina la usanii alinipa yeye, linaanza na "Mtoto".

Kwa miaka miwili niliimba Mwanza, Tanga, Mbeya, Arusha, kila mahali kumbi zinajaa. Nyumbani yakaingia makochi, friji na televisheni, na kila shoo mama alipewa bahasha. Sikuwahi kuhesabu kilichokuwemo. Kanda ziliuzwa Kariakoo, sijui ngapi. Shule niliiacha kidato cha tatu na hakuna aliyenikataza. Hata walimu walikuwa wanaomba kupiga picha na mimi.

Nilipofika miaka 16 sauti yangu ikawa imekomaa, imekuwa nzito. Produza alishauri wimbo tuushushe, niuimbe chini kidogo. Meneja alikataa, akasema watu wanamlipia Mtoto, hawamlipii mwanamke. Nikaendelea kuambiwa niseme nina miaka 13. Sikukuu ya Idi mwaka 2007 tulikuwa Morogoro. Nilipofika kwenye kiitikio sauti ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Chupa za maji zikaanza kurushwa jukwaani na DJ akaikata biti. Kwenye gari kurudi Dar hakuna aliyenisemesha, na dereva akazima redio. Mimi ndiye niliyeshindwa pale Morogoro, Shangazi, na kila kitu kiliharibika kuanzia siku ile. Nyimbo mbili zilizofuata hazikupigwa popote. Mwaka 2008 meneja akaacha kupokea simu zangu, nikasikia ana binti mwingine. Nilikuwa na miaka 17 na mtaani wanasema nimechuja, nimefulia.

Nilishindwa muziki na shule nikawa nimeshaipoteza. Ilinichukua miaka kusimama. Nilifanya QT, mtihani wa kufuzu kwa walioacha shule, nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha nikajifunza ushonaji VETA, chuo cha ufundi. Nilihamia Mbagala kwa sababu hakuna aliyenijua huku. Tangu wakati ule siimbi. Siimbi msibani, siimbi harusini, wanangu niliwabembeleza kwa kuwapigapiga mgongoni tu.

Sasa mwaka huu vijana wameuchukua ule wimbo, wanauchezea TikTok. Hata hawajazaliwa wakati ule. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimepiga magoti dukani napima upindo wa gauni la mteja, pini nimezibana kwa midomo, naye anaimba wimbo wangu taratibu. Akamwambia mwenzake, "Huyu dada aliyeuimba nasikia alishakufa." Mwenzake akasema, "Maskini, alikuwa mtoto mdogo." Sikuweza kujibu kwa sababu ya zile pini. Nilipozitoa tayari wanaongea mambo mengine. Usiku ule sikulala.

Siku chache baadaye kijana mmoja promota alinipata kupitia yule produza. Ana shoo ya usiku mmoja ya nyimbo za zamani, anataka niimbe wimbo huo mmoja, kwa shilingi 1,200,000, nusu kabla. Haikupita wiki, meneja naye akapiga, baada ya miaka 17! Aliniita mwanangu. Anasema wakati wetu umerudi, ana msanii chipukizi wa kufanya naye kolabo, nisaini naye miaka mitano. Anasema wimbo ni wake, jina ni lake, na nikipanda jukwaa lolote bila yeye atazuia. Akaniuliza kama nina watoto, nikasema ndiyo, akauliza kama binti anaimba, akasema nikienda niende naye amwone.

Mama anasema Mungu akinipa mara ya pili nikakataa, nisije kulia mbele yake. Mume wangu alisema sentensi moja tu: "Mimi nilioa fundi, sikuoa msanii." Jioni akarudi na taa mpya, akaifunga juu ya cherehani yangu, hakusema neno. Nilielewa ananionyesha mahali pangu ni hapa.

Binti yangu ndiye aliyelitoa lile daftari la Jiografia kwenye sanduku la bati, akasoma mashairi yote, akaniuliza, "Mama, kwa nini uliacha?" Nilimjibu kwamba nilikua. Akaniambia hilo si jibu.

Nirudi, Shangazi? Nikirudi nitachekwa, mwili wenyewe ndio huu wa mama wa watoto wawili. Nikikataa, je, si nitakuwa nimeshindwa mara ya pili?

Mimi Fundi, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu Fundi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: umepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, unasikiliza habari za kifo chako kutoka kwa mtu unayempima gauni. Pole. Nimejiuliza ningefanya nini ningekuwa wewe, na sijapata jibu. Ila nimeona kwamba hukuandika neno la hasira juu ya yule mteja. Umeandika tu kwamba hukulala. Nadhani kilichokuamsha usiku ule kina uzito kuliko shoo na kuliko 1,200,000, kwa hiyo tusikikimbilie.

Nianze na namna nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Ulianza kazi ya watu wazima ukiwa na miaka 14. Ukapendwa nchi nzima kwa miaka miwili, ukaachwa ndani ya miezi michache, ukajijenga upya peke yako mahali ambapo hakuna anayekujua. Sasa wimbo umerudi bila kukuomba ruhusa, na kila mtu anavuta upande wake: promota, meneja, mama, mume. Wewe unauliza urudi au usirudi. Lakini swali hilo moja umelifungia mambo ambayo hayahusiani. Kupanda jukwaani usiku mmoja ni jambo moja. Kusaini miaka mitano na mtu aliyeacha kupokea simu zako ni jambo jingine kabisa. Na lipo la tatu hujaliuliza, nalo ni kama unataka kuimba. Unaweza kulikataa moja ukakubali jingine. Hakuna aliyekupa yote matatu kwenye sahani moja isipokuwa huyo meneja.

Naomba sasa nikuulize kuhusu neno "nilishindwa", maana umelirudia kama mtu anayetaja jina lake. Ulishindwa nini Morogoro? Nimeisoma sehemu ile taratibu. Binti wa miaka 16 mwenye sauti iliyokomaa alilazimishwa kuimba wimbo kwa sauti ileile ya juu aliyouimbia akiwa na miaka 14. Produza aliliona tatizo, akataja na dawa yake, ikakataliwa na mtu aliyekuwa na sauti ya mwisho, na mtu huyo hukuwa wewe. Koo lilikataa kazi lisiyoiweza. Mimi naona ni koo lililosema ukweli siku ambayo ulikuwa umekatazwa kuusema, pamoja na ule wa umri wako. Huenda wewe unaona vingine, na hiyo ni haki yako, wewe ndiye uliyekuwa pale chupa zikirushwa. Ila umeubeba mzigo huu miaka 18 bila mtu kukusaidia kuupima, nami ningependa uupime upya.

Na biashara yenyewe ilikuwa inauza kitu kisichokaa. Iliuza umri. Mtu akishaitwa Mtoto Fulani au Dogo Fulani, siku yake ya kuzaliwa inakuwa hasara kwa aliyemsimamia. Wengine hapa nyumbani walipata njia ya kutoka humo. Wewe ulikuwa umeshaacha wakati mwimbaji Dogo Aslay anaibuka, lakini bila shaka ulimsikia. Alipita Yamoto Band, kundi likavunjika, na mwaka 2017 akaachia nyimbo zake mwenyewe moja baada ya nyingine akiwa Aslay tu, yule Dogo amebaki nyuma. Mwenzake wa kundi hilohilo aliyeitwa Maromboso alirudi mwaka 2018 chini ya lebo ya Wasafi kwa jina la Mbosso. Sikutajii hawa ili ujilinganishe nao. Wao walikuwa vijana wa kiume, walikuwa bado ndani ya muziki, na walikuwa na watu nyuma yao. Nawataja kwa sababu umeandika kana kwamba kurudi ni lazima kuwe kurudi kuwa Mtoto. Je, ukipanda ukiwa na jina lako la leo? Je, wimbo ukishushwa pale produza alipotaka tangu 2007? Hujaniandikia kama umewahi kumuuliza promota hilo.

Tuje kwenye vitisho vya meneja. Mimi si mwanasheria, na haya utayapeleka kwa mwenye taaluma kabla ya kuyafanyia kazi, lakini usiingie kwenye mazungumzo ukiamini kila alichokuambia.

Wimbo una sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna mashairi na muziki uliotungwa, na kuna rekodi iliyofanywa studio. Rekodi inaweza kuwa ya aliyeigharamia, na hapo meneja au produza anaweza kuwa na neno. Lakini utunzi una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ulinzi huo huanza pale kazi inapotungwa, haungoji muhuri wa ofisi yoyote, ingawa kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia ukija ubishi. Hili linanirudisha kwenye daftari la Jiografia. Mwanangu, lile daftari ulilitaja kama kumbukumbu ya utotoni, na binti yako amelikuta kwenye sanduku la bati. Mimi nikilisoma moyo ulinidunda. Lina mwandiko wako, huenda na tarehe za masomo kurasa za mbele. Lipige picha kila ukurasa, lifunge kwenye nailoni, na usimkabidhi mtu yeyote, hata akikuambia anakwenda kulitolea fotokopi hapo nje.

Kuhusu mkataba wa kwenye boneti, Sheria yetu ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe amefikisha utu uzima, yaani miaka 18. Wewe ulikuwa na 14. Saini ya mjomba ilikuwa na nguvu gani, na imebaki na nguvu gani leo, ndilo swali la kumpelekea wakili. Meneja muombe nakala ya karatasi hiyo, kwa upole na kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha. Kama anasema jina la Mtoto ni lake, muulize kama amelisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Majibu yake, au ukimya wake, vyote vitakusaidia. Na kwa hapo Dar es Salaam huhitaji mamilioni kupata ushauri. TAWLA, yaani Chama cha Wanasheria Wanawake, wanatoa msaada wa kisheria, na wapo pia WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda na daftari ukiwa umelishika mwenyewe.

Yupo binti mmoja wa Marekani anaitwa JoJo, umri wake ni kama wako, alizaliwa Desemba 1990. Alisaini na kampuni ya kurekodi akiwa na miaka 12, na mwaka 2004, akiwa na 13, wimbo wake wa kwanza ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya redio za pop nchini kwao. Albamu ya pili ilitoka 2006. Kisha ikawa kimya. Kampuni haikumtolea albamu nyingine na mkataba haukumruhusu kwenda kwingine. Alifungua kesi, akaja kuwa huru mwanzoni mwa 2014, na albamu ya tatu ikatoka 2016. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati, miaka ambayo watu walikuwa wanauliza, "Yule binti alipotelea wapi?" Lakini alichokifanya 2018 ndicho ninachotaka ukifikirie. Zile albamu mbili za utotoni hazikuwepo kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, na rekodi hazikuwa zake. Akaingia studio na kuziimba zote upya, kwa sauti ya mwanamke wa miaka 27. Zile za zamani zikabaki kwa wenyewe, hizi mpya zikawa zake.

Kwako njia hiyo ina maana gani? Kama utunzi ni wako, huenda inawezekana kuurekodi wimbo upya, na vijana wa TikTok wakapata toleo lenye jina lako. Huenda pia isilete kitu. Watu wanaweza kuendelea kuipenda ile rekodi ya zamani kwa sababu ndiyo waliyoizoea, na hela ya studio ikawa imekwenda. Ukiichagua njia hii, ichague na hela ambayo ikipotea duka halitetereki.

Shoo ya usiku mmoja nayo ina pande zake. Watakaokuja ni watu waliolipa kiingilio kwa ajili ya ujana wao, wana miaka 35, 40, na matumbo yao, na mikopo yao. Wengi walikuwa kwenye daladala kama ile. Sidhani watakuja kukupima kiuno, ingawa siwezi kukuahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayeandika ujinga kwenye simu yake. Zaidi ya kuchekwa, nawaza yale ya baada ya shoo. Unaweza kushangiliwa ukarudi nyumbani ukiwa na kiu mpya, na Jumatatu cherehani ikaonekana ndogo. Unaweza pia kupanda ukakuta hakuna kitu pale, kwamba ulichokuwa unakiogopa na kukitamani miaka yote hii ni mbao na taa, na hilo nalo lina uchungu wake. Ukiamua kwenda, basi makubaliano yawe kwenye karatasi, hata ukurasa mmoja: tarehe, ukumbi, kiasi, salio linalipwa kabla hujapanda, utaimba na bendi au kwa plebaki, na video itakayopigwa ni ya nani. Safari hii soma kila mstari. Omba siku mbili za kusoma. Promota wa kweli atakupa.

Unaweza pia kukataa vyote. Yuko Mwingereza anaitwa Billie Piper, mwaka 1998 alishika nafasi ya kwanza Uingereza akiwa na miaka 15. Aliacha kuimba akawa mwigizaji, na ni mwigizaji mpaka leo. Wewe ulikuwa mwimbaji, ukawa fundi, na kuna wasichana wawili wanaojifunza kula jasho lao kwako. Ukiniambia baada ya kutafakari kwamba hutaki, sitaona kushindwa mara ya pili. Sitaona hata ile ya kwanza.

Lakini "sitaki" na "naogopa" hukaa nyumba moja na huvaa nguo za kufanana, kwa hiyo wachungulie vizuri wote wawili.

Kuhusu mumeo. Umeisikia sentensi yake kama amri, na ile taa kama kidole kinachokuonyesha pa kukaa. Inawezekana. Mimi simjui. Ila nilipoisoma niliona pia mwanamume asiyejua kusema akichukua kitu anachokijua, umeme, akakuletea mwanga pale unapofanyia kazi. Labda anaogopa kukupoteza kwa watu wasiomjua. Labda hajawahi kusimuliwa habari za Morogoro. Je, umewahi kumsimulia, zile chupa, ukimya wa kwenye gari, dereva kuzima redio? Kama hajui, basi anabishana na jambo ambalo hajaliona. Kaa naye chini ya hiyo taa yake umwambie, kabla ya kumuuliza kama anakubali au anakataa.

Mama naye usimhukumu haraka, wala usiharakishe kumtii. Anaposema Mungu amekupa mara ya pili, sisikii uchu wa pesa peke yake. Zile bahasha alizipokea yeye. Makochi yale aliyakalia yeye siku ambazo ulitakiwa kuwa darasani. Mzazi anayejua hivyo anaweza kutamani sana mambo yaanze upya yaishe vizuri, ili naye apumzike. Huenda mna mazungumzo yenu ya miaka mingi, na shoo hii imewapa kisingizio cha kuyakaribia.

Nimebakiza jambo moja, ambalo wewe umelipitia kwa nusu mstari. Meneja aliuliza kama una watoto, kama binti anaimba, akasema uende naye. Uliandika kisha ukahamia kwa mama na mume. Mimi sikuweza kuhama. Binti yako ana miaka 13. Ndio ule umri uliokuwa unaambiwa uutaje hata ulipoupita. Katika mengine yote nimejitahidi nisikuamulie, lakini hapa nitasema ninavyoona: habari za binti zisiwe kwenye meza moja na habari za wimbo wako, na asipelekwe "kuonwa" na mtu yeyote. Akipenda kuimba, aimbe. Aimbe shuleni, nyumbani, afundishwe na anayejua kulea sauti inayokua. Nchi nyingine zililijua tatizo hili zamani. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939 baada ya Jackie Coogan, mtoto aliyekuwa nyota wa filamu, kufikia utu uzima na kukuta mapato yake mengi yameshatumiwa na mama yake na baba wa kambo. Sheria ikataka sehemu ya pato la mtoto iwekwe akiba kwa ajili yake. Sisi tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na kumkinga na kazi inayomwingilia masomo. Wewe ulikuwa mtoto kabla sheria hiyo haijatungwa. Yeye amezaliwa ikiwepo, na ana mama anayejua boneti ya gari ikoje.

Na swali lake bado linakusubiri. Alikuuliza kwa nini uliacha, ukasema ulikua, akakuambia hilo si jibu. Msichana huyo ana akili. Nadhani anastahili kusimuliwa yote, hata ya Morogoro, kwa maneno anayoyaweza. Hujui, pengine ni yeye wa kwanza utakayemwambia kwamba yule dada wa kwenye wimbo hajafa.

Promota alikuomba jibu lini? Hukuandika. Kama bado kuna siku, nina ombi dogo. Jioni moja wasichana wakishaondoka, teremsha shata ya fremu yako, washa ile taa ya mumeo, fungua daftari la Jiografia, na uimbe ule wimbo mara moja. Uanzie chini, pale koo lako la leo lilipo. Usiurekodi, usimwite mtu. Kisha niandikie ulisikia nini.

Shangazi yako